Kikohozi cha Kaka Yangu

Jioni moja ya Julai mwaka 2008, nilikuwa chumbani kwangu, nyumbani kwetu Rungwe, nimesimama mbele ya kioo kidogo cha kunyolea na karatasi nne za skripti mkononi, nikifanya mazoezi ya kukohoa. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo, na mchakacho wa punje zile chini ya vidole vyake ulikuwa ukinifikia kupitia ukutani. Nilikohoa mara mbili kwa ufupi, nikabana ubavu wa kulia kwa kiganja, nikasubiri, kisha nikatoa cha tatu, kile kirefu kinachoanzia chini kabisa ya kifua na kukatika pale pumzi inapokwisha; halafu nikajifuta midomo kwa mgongo wa mkono wa kushoto. Nilipomaliza niligundua kwamba jikoni kumekuwa kimya. Maharage hayakuwa yakisogea tena.

Nilidhani ametoka kwenda kuchota maji, nikarudia tangu mwanzo.

Watengenezaji wa tamthilia walikuwa wamefika Tukuyu wiki mbili kabla ya jioni ile, wakitokea Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nimepewa nafasi yangu ya kwanza ya kuonekana kwenye televisheni. Nafasi yenyewe haikuwa kubwa. Kijana wa kijijini anarudi kutoka mjini akiwa mgonjwa, anapokelewa na mama yake, anauguzwa, anafariki katika sehemu ya nne na kuzikwa shambani kwao, na kuanzia hapo hadithi inamfuata dada yake, ambaye ndiye mhusika mkuu. Maneno yangu yote yalienea kwenye zile karatasi nne. Lakini nilikuwa nimeyangoja kwa miaka mitatu, na ningeyapokea hata kama yangekuwa mistari minne.

Nilizaliwa mwaka 1987. Televisheni ilipoanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, miaka mingi baada ya Zanzibar, sisi huku tuliisikia tu ikitajwa redioni. Niliiona nikiwa mkubwa kidogo, mjini Tukuyu, nje ya duka moja lililokuwa na televisheni ya chogo ya inchi 14 iliyowekwa juu ya kaunta, ambako jioni za michezo ya kuigiza tulikuwa tukijaa barazani mpaka wateja wanakosa njia. Hapo ndipo nilipolitazama kundi la Kaole Sanaa kupitia ITV, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa filamu kabla ya kufariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Kwangu mimi jambo kubwa lilikuwa moja: kijana wa mkoani, kutoka mbali kama kwetu, alikuwa ndani ya kioo kile, na watu waliosimama barazani na vikapu vyao walinyamaza ili wamsikie anachosema.

Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2005 nilikwenda Mbeya mjini, nikajiunga na kikundi cha sanaa kilichokuwa kikiigiza masokoni na minadani michezo ya kuwahimiza watu kupima virusi vya UKIMWI. Tulicheza Mwanjelwa, Uyole, Igurusi, Chimala, mpaka Tunduma mpakani, mara nyingine juu ya trela la lori, mara nyingi zaidi chini tu katikati ya watu, na huko nilijifunza kutoa sauti ikamfikia muuza nyanya wa mwisho bila kipaza sauti. Mwaka 2007 nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, kufanya majaribio katika kikundi kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Mwalimu wa kikundi hicho alinitazama nikiigiza mpaka mwisho, akanisifu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nikifungua tu mdomo wanaiona Mbeya yote.

Alikuwa akisema kweli. Kinyakyusa hakina sauti ya r wala ya z, na sisi tulioinyonya lugha hiyo kwa mama zetu, tusipojichunga, barabara huwa balabala na zawadi huwa sawadi. Nilirudi nyumbani nikajitwisha adhabu ya kusoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, nikiwa njiani kupeleka majani mabichi ya chai kwenye kituo cha kupimia, nikizirudia r na z mpaka ulimi ukauma. Kwa hiyo mwongozaji wa tamthilia alipoketi mbele yangu mjini Tukuyu na kuniambia nisome, nilisoma kwa Kiswahili safi nilichokifanyia kazi mwaka mzima. Alinisikiliza, akaninyang'anya karatasi taratibu, akasema, "Sasa niambie hayohayo kama unavyomwambia mama yako." Nikasema kama ninavyosema nyumbani, na nikapata kazi.

Nataka kumshukuru kwa hilo. Nimeona michezo mingi ambamo lafudhi za Nyanda za Juu Kusini zinaletwa ili watu wacheke tu. Mtu wa Mbeya au wa Iringa anaingia, anatamka neno moja, na kazi yake imekwisha. Mwongozaji yule aliitaka lafudhi yangu kwa ajili ya mgonjwa anayekufa, na hakuna hata mara moja aliyoniambia niiongeze chumvi.

Sasa nieleze kikohozi nilikitoa wapi.

Kaka yangu wa kwanza alirudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili mwaka 2001, katikati ya masika, akiwa amejifunga shuka juu ya koti. Alikuwa na miaka 26 na mimi 14. Alilazwa chumbani kwangu, kitanda chake upande wa mlango na changu upande wa dirisha, na kwa wiki saba nililala nikimsikiliza. Nyumbani ilisemwa ni kifua, na kifua kweli kilikuwepo, kwa sababu hospitali ilimpa dawa za kifua kikuu. Kilichokuwa nyuma ya kifua hakikutajwa na mtu yeyote, hata na yeye mwenyewe. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kwake zilichelewa miaka mitatu. Kila usiku, kuanzia kama saa nane, alikohoa kwa mpangilio uleule: viwili vifupi, kimya, kimoja kirefu. Mkono wa kulia ulikuwa umebana ubavu, kwa hiyo alijifuta kwa wa kushoto. Mimi nilikuwa nikingoja kile kirefu kiishe ndipo nami nivute pumzi. Alifariki mwanzoni mwa Juni, tukamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, na baadaye mjomba akamjengea kaburi kwa saruji.

Nilipopewa skripti ile na kuona imeandikwa "anakohoa", sikukaa chini kutafuta. Kilikuja chenyewe, kimekamilika, pamoja na mkono wa kushoto. Nakumbuka nilifurahi. Huo ndio ukweli wa kazi hii, na sidhani kama ninaweza kuupamba: mwigizaji akipata kitu cha kweli hufurahi kwanza, na baadaye sana ndipo hujiuliza ni mali ya nani.

Siku mbili baada ya jioni ile ya maharage, mwongozaji na msaidizi wake walikuja nyumbani kutafuta mahali pa kupigia picha za mazishi. Walizunguka nyumba, wakaiona migomba, wakaiona chai inayoteremka mpaka kwenye kijito na Mlima Rungwe kwa mbali ukiwa na ukungu kichwani, wakaliona na kaburi. Msaidizi alisema papo hapo kwamba hapa ndipo. Alitaka shimo lichimbwe kando ya kaburi lile la saruji, ili ionekane kwamba ukoo ule umezoea kuzika.

Mama aliwakaribisha, akawapa maziwa mgando na ndizi za kuchemsha, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shimo halichimbwi hapa pasipo mtu wa kuingia." Akainuka akaenda chai kuchuma, ingawa haikuwa siku ya kuchuma.

Kwetu, kama ilivyo kwa Waswahili wengi, kuna neno uchuro, na nadhani wasomaji wangu wengi wamelisikia kwa bibi zao. Mtu hajilazi akajifunika gubigubi kama maiti, hajililii, hajipimi kaburi. Niliwasikia waigizaji wenzangu wa mjini wakilicheka jambo hili, lakini mimi nilikuwa nimelelewa humo, na usiku ule sikuweza kumwambia mama kwamba ni ujinga, kwa sababu sikuamini kwamba ni ujinga. Niliitaka kazi, basi. Nikamwendea mjomba, kaka yake wa kumfuata, ambaye alikuwa na duka mjini na ndiye aliyekuwa akisikilizwa katika mambo mazito ya nyumba yetu.

Mjomba alikuja jioni. Walikaa jikoni wawili, mimi nikiwa kwenye kigoda mlangoni, kwa kuwa sikualikwa ndani wala sikufukuzwa.

"Dada," mjomba alisema, "mtoto hafi. Ni kazi kama kazi nyingine."

"Najua hafi," mama alijibu. "Na wa kwanza pia nilijua hafi."

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Alichochea moto. Hakumjibu hoja ile, na nadhani hiyo ndiyo sababu mama alilegea, kwa maana angejaribu kumshinda kwa maneno angetoka bure. Baadaye mama mwenyewe ndiye aliyetoa masharti, moja baada ya jingine, kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nzima kwenye chai: shimo lisichimbwe, ila wakitaka walete udongo kutoka kwingine na kuumwaga juu ya ardhi, kifuniko kisipigwe msumari, yeye akae upande wa kichwa changu tangu mwanzo hadi mwisho, na jeneza liondoke uani kwetu kabla ya jua kuzama, wala wasiliache likalala. Mwongozaji aliyakubali yote manne. Alikuwa mtu mzima, na alimwamkia mama shikamoo kila alipokuja, ingawa walikuwa wamepishana miaka michache tu.

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za paini na fundi wa pale kijijini, ambaye naye alikuwa na msimamo wake. Alikataa kunipima. Alisema hajawahi kumpima mtu anayepumua na hataanza sasa, akanitazama kwa jicho nilipokuwa napita barabarani, akakadiria. Likatoka fupi. Nililala humo nikiwa nimekunja magoti, na hata leo nikitazama picha zile naona jinsi sanda ilivyoinuka katikati mahali ambapo haikupaswa kuinuka.

Siku yenyewe tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Mwongozaji aliutaka ule mwanga wa kwanza, na ukungu uliokuwa umelala kwenye majani ya chai. Majirani wapatao thelathini walikuwa wamekubali kuwa waombolezaji kwa shilingi 3,000 kila mmoja, mimi malipo yangu yakiwa shilingi 20,000 kwa siku. Wanawake walikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, miguu wameinyoosha, wamejifunika vitenge mpaka kichwani, na wanaume wakasimama nyuma na makoti yao mazito. Kulikuwa na baridi ya Julai, ile inayowafanya watu wa Dar es Salaam washangae kwamba hapa nako ni Tanzania. Jeneza liliwekwa juu ya stuli mbili kandokando ya kichuguu cha udongo. Nikaingia. Mama akakaa kichwani pangu.

Kamera ilikuwa moja, ya kanda ndogo, kwa hiyo kila onyesho lilipaswa kurudiwa: mara ya kwanza kwa mbali ili watu wote waonekane, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Mpiga picha alipousogelea uso wangu alisimamisha kazi. Alikuwa ameona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Pumzi yangu ilikuwa ikitoa mvuke. Niliibana, lakini siwezi kuibana dakika mbili, na kila nilipoiachia, hata kidogo, moshi mweupe ulipanda kutoka puani mwa maiti.

Msichana aliyekuwa akishughulikia sura zetu akaja na pamba. Ilikuwa ni jambo la maana kwa upande wao. Maiti huwekwa pamba, mvuke ungezibwa, na picha ingeonekana ya kweli zaidi. Alikuwa tayari ameinama, vipande viwili viko kati ya vidole vyake, nilipouona mkono wa mama ukipita juu ya uso wangu na kumshika yule msichana kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu.

"Pamba hapana, mwanangu," alimwambia.

Pakawa kimya. Sharti la pamba halikuwemo katika yale manne, na mwongozaji angeweza kusema hivyo. Alitazama saa, akatazama ukungu wake ambao ulikuwa ukianza kupanda, akasema tutangoja jua litoke. Saa mbili nzima za kazi zilipotea, na ukungu aliokuja kuufuata ukapotea nao. Wengine katika kikundi walinung'unika, na sikuwalaumu, kwa kuwa jenereta na gari vilikuwa vya kukodi kwa siku.

Nilitoka jenezani nikaenda kukaa na mama kwenye mkeka, chini ya migomba, hatua chache kutoka kwenye kaburi la kaka. Mtu alituletea chai ya rangi kwenye vikombe vya bati. Nilikuwa bado nimevaa sanda juu ya fulana na suruali yangu, na mama alinivuta kitenge chake akanifunika mabegani.

"Ulianza lini kukohoa vile?" aliniuliza.

Nilimwambia ni tangu nilipopewa skripti.

"Nilidhani umepata kifua," alisema. "Siku ile niliacha maharage nikaja mlangoni pako. Nikasimama. Nikasema nikigonga nitaambiwa, na nikiambiwa nitakuwa nimejua."

Nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ubao ule mwembamba, labda kwa robo saa, akimsikiliza mwanawe wa pili akikohoa kikohozi cha wa kwanza, na mimi nikiwa ndani najitazama kwenye kioo, nimeridhika na kazi yangu. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nianze na lipi. Nikamuuliza kama anataka nikiache, nitafute kikohozi kingine.

Alifikiri. Aliizungusha chai kikombeni mpaka nikadhani hatajibu.

"Kingine cha nani?" alisema. "Kama ni chake, kitoe sawasawa. Usikikimbize. Yeye alikuwa anapumzika kabla ya kile cha mwisho."

Miaka saba ilikuwa imepita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kuniambia neno lolote kuhusu usiku zile. Nilijua basi kwamba ukutani kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakihesabu pamoja.

Jua lilitokeza karibu saa nne. Niliingia tena, sanda ikanyooshwa, kamera ikasogea. Mwongozaji alikuwa amewaambia waombolezaji walie kidogo kidogo, wasiangalie kamera. Mama hakulia. Alianzisha wimbo wa kitabuni kwa Kinyakyusa, ule ambao huimbwa kwetu mwili ukitolewa nyumbani. Yeye alikuwa mwanakwaya wa Moraviani tangu usichana wake, na Moraviani wako Rungwe tangu mwaka 1891, hivyo hakuna mwanamke pale ambaye hakuujua. Wakaupokea wote, sauti ya pili na ya tatu zikiingia mahali pake kana kwamba wamefanya mazoezi wiki nzima. Skripti haikuwa na wimbo. Nilikuwa nimefumba macho, sioni kitu, na nilisikia sauti ya mama juu ya paji la uso wangu ikienda mpaka ubeti wa pili, ikasimama katikati ya mstari, na wale wanawake wakaubeba mstari wakaufikisha mwisho bila yeye. Kisha akarudi katika ubeti wa tatu. Mkono wake ulikuwa kwenye ukingo wa jeneza muda wote. Nilihisi mbao ikitetemeka.

Mwongozaji hakusema kata mpaka wimbo ulipokwisha. Halafu akaja, akainama mbele ya mama, akamweleza kwamba imepatikana ya mbali, na kama angekubali waurudie wimbo ule ili wampige na uso kwa karibu.

"Mara moja inatosha," mama alisema.

Hakumsihi. Ndiyo maana katika sehemu ile ya nne mazishi yote yanaonekana kwa mbali tu, toka upande wa chai. Watu wanaojua kazi hizi waliniambia baadaye kwamba ni mwongozaji mwenye ujasiri aliyeamua hivyo.

Saa tisa alasiri fundi alikuja na nyundo, akalitenganisha jeneza mbele ya mama, ubao baada ya ubao, akanyoosha misumari yake na kuitia mfukoni, akazifunga mbao kwenye baiskeli akaondoka. Sikuuliza alizifanyia nini. Mama aliufagia ua mpaka pale stuli ziliposimama pakawa hapatambuliki, na udongo wa kichuguu akaurudisha mwenyewe kwa karai hadi walikoutoa.

Onyesho la kitandani, lile la kikohozi, tulilipiga kesho yake katika nyumba ya kupanga mjini, kwa kuwa kwenye kazi hizi mtu huzikwa leo na kuugua kesho, ikitegemea mahali na gari. Nilifanya kama mama alivyosema. Sikukikimbiza. Baada ya viwili vya mwanzo nilipumzika, muda mrefu kuliko nilivyowahi kuthubutu kwenye mazoezi, mpaka nikamsikia mtu wa sauti akiguna akidhani nimesahau, ndipo nikakiachia cha mwisho. Tatizo moja lilijitokeza. Kamera ilikuwa upande wangu wa kushoto, karibu na dirisha lililokuwa na mwanga, na kila nilipojifuta kwa mkono wa kushoto kiwiko kiliufunika uso. Mwongozaji akaniomba nitumie wa kulia. Nilibadilisha. Nilikuwa mgeni, na sikuona kwamba ni jambo la kubishania.

Tamthilia ilianza kurushwa mwanzoni mwa mwaka 2009. Nyumbani hatukuwa na umeme. Siku hizi hata kijijini kwetu utaona ving'amuzi, na Mbeya mitambo ya analojia ilizimwa tangu tarehe 30 Aprili 2013, lakini wakati ule aliyetaka picha isiyo na chenga alihitaji dishi kubwa uani, na katika ukoo wetu alikuwa nalo mjomba peke yake. Usiku wa sehemu ya nne mama alishuka mjini kwa miguu pamoja nami, mwendo wa saa moja, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sebule ilijaa. Watoto wa mjomba walikaa chini, majirani wakasimama mlangoni, na mama akapewa kiti cha mbele, karibu kabisa na kioo.

Sikuitazama televisheni. Nilimtazama yeye. Onyesho la kitandani lilipoanza aliweka mikono yote miwili magotini. Nilijisikia nikikohoa kutoka kwenye kile kisanduku, viwili vifupi, kisha kimya, na katika kimya kile nilimwona mama akivuta pumzi na kuizuia, mpaka kile kirefu kilipokwisha ndipo akaiachia. Mazishi yakapita, wimbo ukasikika kwa mbali, mtoto mmoja akasema, "Shangazi yule pale!" akanyamazishwa. Kisha majina yakaanza kupanda, na langu likapita haraka sana, na tangazo la sabuni likafuata.

Watu walianza kunipa mikono. Mama alibaki ametazama mbele, kisha akanigeukia.

"Yeye alikuwa anajifuta kwa mkono wa kushoto," alisema.

Nikamweleza habari ya dirisha, ya mwanga, ya kiwiko kinachoufunika uso, na ya kamera iliyokuwa imewekwa upande ule. Alinisikiliza kwa makini mpaka nilipomaliza, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akajifunga kitenge vizuri kwa ajili ya baridi ya njiani.

"Siku nyingine," alisema, "waambie wahamishe hiyo kamera."